Msiwanyang'anye Vijana Kalamu

Katika sharika zetu simu ya mkononi haina sifa njema. Ikitajwa mimbarani, inatajwa pamoja na ulevi na uzinzi. Kwenye semina za vijana ina kipindi chake, na kipindi hicho kina jibu moja: iacheni. Sasa limeingia jambo jipya, nalo limekwisha kuhukumiwa kabla halijasikilizwa. Ni hadithi za kwenye simu ambazo msomaji mwenyewe huamua kitakachotokea. Nimeandika haya kuwapinga wanaosema kwamba hadithi hizo hazina nafasi kwa Mkristo. Nawapinga kwa heshima, maana wengi wao ni wazee walionilea katika imani, lakini nawapinga.

Tueleze kwanza jambo lenyewe, kwa sababu wengi wanaolilaani hawajaliona. Hadithi tuliyoizoea huanza ukurasa wa kwanza na kwisha ukurasa wa mwisho, na msomaji kazi yake ni kufuata. Hii nyingine humfikisha njia panda. Ukitaka kumfuata mjomba, gusa hapa. Ukitaka kubaki na mama, gusa pale. Kila mguso hufungua ukurasa mwingine, na watu wawili walioanza pamoja huweza kuishia mahali tofauti kabisa. Wala si uvumbuzi wa juzi. Mwaka 1979 Edward Packard wa Marekani alitoa kitabu cha watoto kiitwacho The Cave of Time, ambacho msomaji wake aliruka kutoka ukurasa huu kwenda ule kadiri alivyochagua. Mwaka 2009 Chris Klimas, naye wa huko huko, alitoa programu ya bure iitwayo Twine, ambayo humwezesha mtu asiye fundi wa kompyuta kutunga hadithi ya namna hiyo.

Kwetu Afrika Mashariki jambo hili lina sura zake. Nchini Kenya tangu mwaka 2010 lipo jarida la katuni la Shujaaz, ambalo vijana huwaandikia wahusika wake kana kwamba ni rafiki zao, na wanayoandika huwasaidia watunzi kujua hadithi iende wapi. Baadaye lilivuka mpaka likaingia Tanzania. Kipindi cha watoto cha Ubongo Kids, kilichoanzia Dar es Salaam mwaka 2014, kimewawezesha watoto kujibu maswali kwa ujumbe mfupi wa simu. Kisha ziko hadithi za makundi ya WhatsApp na kurasa za Facebook, ambazo ni wajukuu wa zile hadithi za magazetini zilizokwisha kwa neno "itaendelea", ambazo Eric Shigongo alijipatia jina kwazo. Sehemu ya kwanza ni bure. Wasomaji wanamlilia mtunzi asimuue fulani, mtunzi anasikia kilio, na sehemu inayofuata inatumwa ukishalipia kwa simu.

Nimezitaja zote pamoja kwa sababu wanaozilaani huzilaani pamoja. Mbele nitazitenganisha.

Hoja yao ya kwanza ni kubwa, nayo husemwa kwa sauti ya kitheolojia. Wanasema: Mungu ndiye mwandishi wa maisha ya mwanadamu, kumpa kijana uwezo wa kuamua mwisho wa hadithi ni kumfundisha kiburi cha bustanini, kiburi cha kutaka kuwa kama Mungu.

Nawauliza wanaosema hivyo: mmesahau Bwana wetu alisimuliaje? Mwanasheria alipomjia akitaka kujua jirani yake ni nani, Yesu alimsimulia habari ya mtu aliyeanguka kwa wanyang'anyi, kisha akamrudishia swali: katika hao watatu, jirani alikuwa yupi? Mwanasheria mwenyewe alilazimika kuitamka hukumu. Katika Mathayo 21 aliwasimulia makuhani na wazee habari ya wakulima waliomwua mwana wa mwenye shamba, akanyamaza pale palipo patamu, akawauliza mwenye shamba atafanya nini. Wao wakaimalizia hadithi kwa vinywa vyao, na kwa kuimalizia wakajihukumu. Nathani alipomwendea Daudi baada ya kosa la Bathsheba hakumsomea amri. Alimsimulia habari ya maskini na mwanakondoo wake mmoja, akamwachia mfalme aamue. Mfalme akaamua kwa hasira, na ndipo nabii akamwonyesha kwamba hukumu ile ni yake mwenyewe.

Wala haikuishia kwenye kuuliza. Ziko hadithi za Biblia zilizoachwa wazi makusudi. Kitabu cha Yona kinakwisha kwa swali la Mungu, na jibu la Yona hatupewi. Katika Luka 15 baba anatoka nje kumsihi mwana mkubwa aingie karamuni, na hatuambiwi kama aliingia. Kila anayesoma anajikuta amesimama pale nje, ngoma inasikika, naye ana la kuamua. Kama kumwachia msikilizaji uamuzi ni kiburi cha Shetani, basi kiburi hicho kimo katika mifano ya Yesu. Nani atakayethubutu kusema hivyo?

Na sisi Walutheri tuna sababu zaidi ya kutoikubali hoja hii. Ni kweli kwamba mwaka 1525 Martin Luther alimjibu Erasmus kwa ukali, akisema kwamba mwanadamu hawezi kujichagulia wokovu. Utashi wake umefungwa mpaka Mungu aufungue. Tunaliungama hilo. Lakini Luther huyo huyo alikubali kwamba katika mambo yaliyo chini yetu, ya mali, nyumba na kazi, mwanadamu ana uchaguzi. Ungamo la Augsburg la mwaka 1530, katika kifungu cha 18, linasema vivyo hivyo kuhusu maisha ya haki mbele ya wanadamu. Kijana wa Njombe hajiokoi kwa kuchagua vizuri. Hata hivyo kila siku anachagua: auze viazi kwa dalali huyu au yule, apande lori la nani, amwambie nani siri yake. Kumnyima mazoezi ya kuchagua kwa jina la neema ni kuitumia neema vibaya.

Tena hata bibi zetu walijua. Msimulizi akisema "Paukwa!" na watoto wasijibu "Pakawa!", hadithi haiendi. Afrika ina ngano za mtanziko, ambazo msimulizi huzikatisha penye utata na kuuliza: kati ya hawa, nani apewe haki? Wasikilizaji hubishana mpaka moto uzimike. Kilichotoka ng'ambo ni kitabu kinachozungumza peke yake huku msomaji amefunga mdomo. Anayeiita hadithi shirikishi mila ya kigeni amekosea mgeni.

Hoja ya pili ina uzito zaidi, nami sitaipita haraka. Wanasema hadithi hizi zina kitufe cha kurudi nyuma. Kijana akichagua uzinzi na hadithi ikamwishia vibaya, anarudi njia panda na kuchagua upya, kana kwamba hakuna kilichotokea. Hivyo anafundishwa kwamba dhambi haina gharama.

Hapa wamegusa penyewe. Maisha hayana kitufe hicho. Esau alipouza haki yake ya mzaliwa wa kwanza kwa chakula cha mara moja, Waebrania 12 inatuambia kwamba baadaye aliitafuta baraka kwa machozi wala hakuipata. Hadithi inayomdanganya kijana kwamba kila kosa hufutika ni hadithi mbaya, hata kama ndani yake hakuna neno moja la matusi.

Lakini angalieni vizuri kosa liko wapi. Mtunzi anaweza kukiondoa kitufe hicho. Anaweza kuifanya hadithi ikumbuke: uongo uliousema ukurasa wa tatu ukakudai ukurasa wa ishirini. Hilo ni jambo ambalo kitabu cha kawaida hakiliwezi kwa namna hii, kwa sababu katika kitabu aliyedanganya ni mhusika, nawe unamhurumia au kumcheka. Katika hadithi ya kuchagua, aliyedanganya ni wewe uliyeshika simu. Umegusa kwa kidole chako.

Na hapo ndipo fundisho letu la toba lingeweza kueleweka kuliko tunavyoliwekea mahubiri. Toba si kurudi ukurasa wa nyuma. Petro alimkana Bwana mara tatu, na hakuna aliyeifuta asubuhi ile. Injili zote nne zimeiandika, nasi tunaisoma kila Kwaresima. Alichokifanya Yesu kando ya ziwa, katika Yohana 21, ni kumwuliza mara tatu kama anampenda, na kila mara kumpa kazi. Ukurasa wa aibu ulibaki, na hadithi ikaendelea mbele. Kijana anayeamini kwamba msamaha ni kufuta atakata tamaa siku atakapoona alama za kosa lake bado zipo. Msamaha wa Mungu ni ruhusa ya kuendelea.

Sasa nitenganishe kama nilivyoahidi, maana sijaja kuzitetea hadithi zote. Hatari ya kweli haiko pale wapingaji wanapoielekezea kidole. Kumruhusu msomaji achague kati ya njia ambazo mtunzi ameziwaza kwa uaminifu ni jambo moja. Kuliachia kundi la wanunuzi liivute hadithi kokote linakotaka ni jambo lingine. Haruni alikuwa msimulizi wa namna hiyo ya pili. Musa alikawia mlimani, watu wakachoka kusubiri, wakadai wanachotaka kukiona; Haruni akawaomba dhahabu, wakampa, akawatolea ndama. Pilato naye aliwauliza umati, na umati ukamchagua Baraba. Hadithi inayouzwa sehemu kwa sehemu, ambayo mtunzi wake hula kwa kuwafurahisha wasomaji wa jana, inakwenda njia ya Haruni hata kama mtunzi ni mtu mwema. Wasomaji wakitaka kisasi, watapewa kisasi. Wakitaka mganga ashinde, mganga atashinda. Anayemwandikia umati unaolipa hana anayemwambia kwamba amekosea, kwa kuwa fedha inaingia.

Kwa hiyo tuseme lililo sahihi. Hatukatai msomaji kuwa na sauti. Tunakataa kweli kupigiwa kura. Mtunzi mwaminifu humpa msomaji uhuru wa kuchagua tendo, lakini hambadilishii matokeo ili ampendeze.

Na sasa niwageukie wale wenye majibu rahisi, yaani sisi wenyewe. Hadithi tunazowapa vijana wetu zikoje? Kuna kijana mlevi na kijana mwanakwaya. Mlevi anakufa, mwanakwaya anapata kazi na mke. Milango miwili, mmoja mweusi, mmoja mweupe, na hakuna mtoto wa kipaimara asiyejua mapema afungue upi. Huko si kuchagua. Hakuna kijana aliyewahi kujaribiwa na mlango mweusi uliopakwa rangi nyeusi. Tunawaambia uongo kuhusu dhambi, kwa kuuficha utamu wake. Tena tunawaambia uongo kuhusu wema, kwa kuificha gharama yake.

Katika mkoa wetu uongo huo una bei. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022/23 ulikuta maambukizi ya VVU kwa watu wa miaka 15 na zaidi ni asilimia 4.4 nchi nzima. Njombe ni asilimia 12.7, na hakuna mkoa wa Tanzania uliotuzidi. Hakuna benchi la kanisa asilokalia mtu anayeishi na virusi au aliyemzika ndugu yake. Nasi bado tunasimulia habari za mlevi na mwanakwaya!

Wenzetu wa redio walituonyesha njia miaka zaidi ya thelathini iliyopita. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo wa Twende na Wakati, ambao ndani yake alikuwamo Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake wengi njiani. Mtu wa Makambako hahitaji kuelezwa Mkwaju ni nani. Barabara kuu ya kwenda Zambia inapita mlangoni kwake, reli ya TAZARA inapita nyuma yake, na njia ya Njombe na Songea inaanzia hapo. Kwa miaka miwili ya kwanza eneo la Dodoma halikurushiwa mchezo huo, ili watafiti walinganishe, nao waliona kwamba waliousikia walibadilika zaidi ya wasiousikia. Siri moja ya michezo ya namna ile ni kwamba, pamoja na mtu mwema na mtu mbaya, huwekwa mtu wa tatu, anayesitasita. Msikilizaji humfuata huyo, kwa sababu ndiye anayefanana naye. Hadithi ya kuchagua hupiga hatua moja zaidi: anayesitasita ni msomaji mwenyewe.

Hebu tuwaze hadithi moja ya kwetu. Wewe ni binti wa miaka ishirini na miwili, usharika wako uko kijijini nje ya Njombe mjini. Umechumbiwa, na mmeambiwa mkapime kabla ya ndoa. Umetangulia kwenda peke yako, na majibu yako mkononi: una virusi. Ufanye nini? Umwambie mchumba wako usiku huu? Umwendee mwinjilisti? Au upande gari kwenda Makambako, ukachukulie dawa mahali ambapo hakuna anayekujua, na ndoa uisingizie shangazi mgonjwa?

Hakuna mlango mweupe hapo. Ukimwambia mchumba, huenda akaondoka. Huenda pia akabaki, na ndugu zake wakaondoka. Ukienda Makambako, dawa utapata, lakini kila mwezi utatafuta nauli na uongo mpya. Ukimwendea mwinjilisti, mtunzi mwaminifu ana jambo gumu la kuandika. Je, Jumapili ijayo kwaya nzima itakuwa inajua?

Fikirini sasa hadithi hiyo ikipelekwa kwa vijana mia wa jimbo letu, na tukawauliza ni njia ipi waliigusa kwanza. Mimi nadhani wachache sana watagusa mlango wa kanisa. Huo ungekuwa ujumbe wao kwetu, nao usingehitaji barua wala mkutano. Msomaji anapochagua, mtunzi naye anasomwa. Ndiyo maana nasema kwamba baadhi ya hofu yetu kwa hadithi hizi haihusu maadili ya vijana hata kidogo. Tunaogopa kusikia watakachochagua.

Tukisikia, tutakuwa na kazi ya kufanya. Tutalazimika kuwauliza wazee wa kanisa kama siri inakaa. Tutalazimika kuandika, katika ukurasa unaofuata, kwamba mtu anayetumia dawa ipasavyo hadi virusi visionekane kwenye vipimo hamwambukizi mwenzake kwa kujamiiana, na kwamba anaweza kuoa, kuolewa na kuzaa watoto wasio na virusi. Jambo ambalo baadhi ya vijana wetu hawajawahi kulisikia likitamkwa kanisani. Hadithi ya binti yule inaweza kufika mahali pa neema bila kudanganya, lakini hatuwezi kuitunga kwa uaminifu huku tukiwa sisi ndio mlango wake mbaya kuliko yote.

Kuhusu uwezo, hatuna kisingizio. Chapa ya vitabu ni ghali, nasi tunajua jinsi michango ya kuchapa inavyochelewa. Hadithi iliyotungwa kwa Twine hutoka kama faili moja, na yenye maneno matupu huwa ndogo sana. Inatumwa kutoka simu hadi simu, inafunguliwa na kivinjari kilichomo ndani ya simu, na ikishaingia haihitaji intaneti. Inafika Makete na Ludewa kwenye mtandao wa kusuasua. Inaweza kuandikwa kwa Kiswahili, na kwa Kibena, Kikinga na Kipangwa, bila kusubiri kiwanda cha uchapaji. Wamisionari wa Berlin walioingia nyanda hizi mwanzoni mwa miaka ya 1890 walikuja na vitabu, kwa kuwa kitabu ndicho kilichokuwa chombo cha wakati wao. Luther mwenyewe, mwaka 1522, aliharakisha kulitoa Agano Jipya la Kijerumani mashineni ili mtu wa kawaida alishike mkononi. Kanisa lililozaliwa na mashine ya kuchapa haliwezi kusema kwamba chombo kipya kinalitia najisi.

Basi kila jimbo lichague vijana watano na mtu mzima mmoja anayejua Maandiko na kutunza siri. Watunge hadithi moja kwa mwaka. Wawe na masharti matatu tu. Kusiwe na njia isiyo na gharama. Kusiwe na njia ambayo neema haiwezi kuifikia. Na pasiwe na msomaji wa kulipia mwisho anaoutaka. Wakishamaliza, wazee waisome kwanza kwa simu zao wenyewe, waguse kwa vidole vyao, ndipo tujadili.

Atakayekataa hata kuigusa, na aseme atawapa vijana nini badala yake. Maana hadithi wanasoma, jioni hii, chini ya blanketi, kwa mwanga wa simu, kutoka kwa watu wasiowajua na wasiowapenda. Baba wa Luka 15 hakubaki karamuni akimlaumu mwanawe kwa kukaa nje. Alitoka, akaenda alipo, akasema naye.